Meli moja, safari mbili: maisha ya kila siku katika Aranui, njiani kuelekea visiwa vya Marquesas

Katika Polynesia ya Kifaransa, jirani wa mbali wa Bahari ya Pasifiki, kuna meli inayobeba watalii na magunia ya unga kwa pamoja. Kwa watalii hayo ni mapumziko ya siku kumi na mbili hivi. Kwa wakazi wa visiwa vya Marquesas, meli hiyohiyo ni barabara yao kuu.

Mambo makuu:

- Meli ya Aranui 5 hutoka Papeete, Tahiti, na kuzuru visiwa vyote sita vinavyokaliwa vya Marquesas kabla ya kurudi.
- Nusu yake ya mbele ni ya shehena, nusu ya nyuma ni ya abiria. Ratiba hufuata kazi ya kupakia na kupakua.
- Visiwa viwili kati ya sita, Fatu Hiva na Tahuata, havina uwanja wa ndege. Huko karibu kila kitu huja kwa njia ya bahari.

Visiwa vilivyo peke yao

Visiwa vya Marquesas viko kaskazini-mashariki mwa Tahiti, kiasi cha kilomita 1,400 kutoka Papeete. Ni miongoni mwa visiwa vilivyo mbali zaidi na bara lolote duniani. Vilivyo na watu ni sita: Nuku Hiva, Ua Pou na Ua Huka upande wa kaskazini, Hiva Oa, Tahuata na Fatu Hiva upande wa kusini. Wakazi wake wote kwa jumla wanazidi kidogo 9,000, idadi ambayo ingeenea katika kata moja ya mji wowote mkubwa wa Afrika Mashariki.

Taiohae, mji mkuu wa visiwa hivyo ulioko Nuku Hiva, uko karibu katika latitudo ileile ya Kilwa. Kwa sababu hiyo urefu wa mchana na usiku hubadilika kidogo tu mwaka mzima, kama ilivyo katika pwani ya kusini ya Tanzania. Minazi ipo, shelisheli zipo, ndizi na maembe yapo. Lakini ufanano unaishia hapo. Pwani ya Afrika Mashariki imekingwa kwa sehemu kubwa na miamba ya matumbawe inayovunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Marquesas haina kinga hiyo. Milima yake ya volkano huchomoza moja kwa moja kutoka kilindini, na mawimbi yaliyosafiri maelfu ya kilomita hugonga majabali bila kizuizi. Hakuna barabara inayozunguka kisiwa chochote kando ya bahari. Kila bonde lina kijiji chake, na kati ya bonde na bonde kuna ukuta wa mlima.

Hata saa za huko ni za peke yake. Marquesas iko nusu saa mbele ya Tahiti, jambo linalowalazimu abiria wa meli kusogeza mishale ya saa zao kwa dakika thelathini tu, badala ya saa nzima kama ilivyozoeleka. Inapokuwa saa sita kamili mchana mjini Taiohae, Nairobi na Dar es Salaam huwa ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia siku inayofuata.

Meli yenye nyuso mbili

Jina Aranui maana yake ni njia kuu. Meli hiyo ni mali ya kampuni ya Compagnie Polynésienne de Transport Maritime, inayomilikiwa na familia ya Wong, Wapolynesia wenye asili ya Kichina. Kampuni ilianza kwa kubeba mizigo; mwaka 1984 ikaanza kuchukua na watalii. Meli inayotumika sasa, Aranui 5, ilijengwa China na kuanza kazi mwaka 2015. Aranui 4 haikuwahi kuwako. Katika matamshi ya Kichina neno la nne linakaribiana na neno la kifo, na wenye meli waliona si busara kuipa merikebu jina la namna hiyo.

Anayeitazama kwa mbali hudhani ni meli mbili zilizounganishwa. Upande wa omo kuna kreni mbili, makontena, matishari na sitaha iliyojaa shehena. Upande wa tezi kuna vyumba vya kulala, ukumbi wa chakula, maktaba ndogo na bwawa la kuogelea. Urefu wake ni mita 126, na hubeba abiria zaidi ya 200. Vyumba ni vya ngazi nyingi: vipo vyenye roshani inayotazama bahari, na kipo chumba cha pamoja chenye vitanda vya ghorofa kwa wenye mfuko mwembamba. Mbali na watalii, wamo pia wenyeji wanaorudi makwao.

Mabaharia karibu wote ni Wapolynesia, na wengi wao ni wana wa Marquesas. Miili yao imechorwa tatuu ambazo kila mstari wake una maana: ukoo, bonde la kuzaliwa, safari, mnyama mlinzi. Mtu yuleyule anayeendesha kreni asubuhi huonekana jioni akipiga ukulele katika bendi ya meli. Watalii hulihesabu jambo hilo kuwa burudani. Kwa mabaharia wenyewe, ni namna ya kuikamilisha siku.

Siku za bahari tupu

Kutoka Papeete meli hupitia kwanza visiwa vya Tuamotu, mara nyingi Fakarava, pete nyembamba ya matumbawe iliyozunguka maji tulivu, na ambayo UNESCO inaitambua kuwa hifadhi ya baiyolojia. Baada ya hapo hufuata siku nzima ya bahari tupu. Hapo ndipo abiria hujua kama tumbo lake linaelewana na Pasifiki au la. Wenye kichefuchefu hushauriwa kukaa katikati ya meli, chini, macho yakitazama upeo wa bahari, na kula chakula kikavu kidogo kidogo.

Siku ya bahari ina mpangilio wake. Kifungua kinywa huandaliwa mapema, kwa kuwa katika meli hii hata wapenda usingizi huamshwa na mashine. Asubuhi huwa na mhadhara: mtaalamu wa akiolojia, historia au lugha hueleza visiwa vitakavyozuriwa. Mchana kuna mafunzo ya kucheza ngoma, kusuka minyaa au kufunga pareo, kitambaa kinachovaliwa kwa mafundo mengi na ambacho mwanamke yeyote aliyekua na kanga angekizoea kwa siku moja. Jioni waongoza watalii hukusanya watu kwa lugha zao na kueleza ya kesho: saa ya kushuka, viatu vya kuvaa, kama kutakuwa na mashua au gati.

Mezani hakuna viti vilivyotengwa. Mwalimu mstaafu kutoka Ufaransa huketi na fundi kutoka Ujerumani na muuguzi kutoka New Zealand, na baada ya siku tatu wote wamekwisha kujua majina ya wajukuu wa kila mmoja. Chakula ni mchanganyiko wa mapishi ya Kifaransa na ya Kipolynesia. Hakikosi samaki mbichi aliyelowekwa katika ndimu na tui la nazi, ambaye mgeni humwonea shaka siku ya kwanza na kumwulizia siku ya nne.

Lakini wakati abiria wanajifunza kufunga pareo, upande wa mbele wa meli kuna kazi nyingine. Shehena hupangwa upya kwa kufuata bandari: kilicho cha Ua Pou kisizibwe na kilicho cha Fatu Hiva. Kosa moja la mpangilio humaanisha saa nzima ya kuhamisha makontena huku kijiji kizima kikisubiri juani.

Kushuka nchi kavu

Mjini Taiohae, Hakahau huko Ua Pou, na Atuona huko Hiva Oa, meli hupata gati. Hapo abiria hushuka kwa ngazi kama mtu atokaye nyumbani. Katika vijiji vingine meli hutia nanga nje, na watu na mizigo hupelekwa ufukweni kwa mashua na matishari.

Huo ndio wakati ambao msafiri hutambua nani mwenye meli. Hushuka ngazi ya ubavuni hadi ukingo wa maji. Chini yake tishari linapanda na kushuka kwa mita moja au zaidi. Mabaharia wawili humshika, mmoja kila mkono, na kumwambia asubiri. Wimbi la kwanza hupita, la pili hupita. La tatu linapoinua tishari hadi usawa wa ngazi, humvusha kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Kijana wa miaka ishirini na bibi wa miaka themanini huvushwa kwa namna ileile. Anayeamua kuruka kwa hiari yake hukemewa, hata kama amelipia chumba cha bei ya juu kuliko vyote.

Ustadi wa mabaharia hao huonekana zaidi katika ghuba ya Vaipaee, kisiwani Ua Huka. Ghuba yenyewe ni ufa mwembamba kati ya kuta mbili za mawe. Meli ya mita 126 huingia, kisha hugeuzwa papo hapo mpaka omo iangalie bahari. Mabaharia hupiga mbio kwa mashua kupeleka kamba nene na kuzifunga kwenye mawe ya pande zote mbili, ili meli isisukumwe ukutani. Abiria hujipanga juu ya sitaha kutazama, na kwa dakika kadhaa hakuna anayezungumza.

Kinachoshuka, kinachopanda

Siku ya meli, kijiji hubadilika. Magari madogo ya mizigo hujipanga gatini tangu alfajiri. Watoto huja, mbwa huja, wazee huja hata kama hawana mzigo, maana habari nazo hushuka na meli. Kreni hutoa unga, mchele, sukari, mitungi ya gesi, mapipa ya mafuta, saruji, mabati, magodoro, majokofu, vipuri, pikipiki, mara nyingine gari zima likining'inia hewani huku mwenyewe akilitazama ameshika kichwa. Kila kifurushi kina jina la mtu au la duka. Karani hutia alama katika orodha yake, na mwenye mali huchukua na kuondoka.

Kinachopanda ni kidogo kwa aina, kikubwa kwa thamani. Cha kwanza ni mbata. Familia hupasua nazi, hukausha nyama yake juani au katika vibanda vya kukaushia, na kuijaza magunia. Mbata hupelekwa Papeete kusindikwa mafuta, na sehemu ya mafuta hayo hutengenezewa monoi, mafuta ya manukato ya Tahiti. Bei ya mbata hutegemezwa na serikali ya Polynesia ya Kifaransa. Bila msaada huo, soko la dunia peke yake lisingemlipa mkulima wa bonde la mbali jasho lake. Cha pili ni tunda la noni, ambalo maji yake huuzwa ng'ambo kama dawa ya kujenga afya. Baada ya hapo huja ndimu, mabalungi, ndizi, samaki na vinyago.

Msikilizaji aliyewahi kuishi kando ya Ziwa Tanganyika hatashangazwa na picha hiyo. Kwa miongo mingi meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuibuliwa tena kutoka ziwani mwaka 1924, ilihudumia vijiji ambavyo vingi havikuwa na gati. Mitumbwi iliizonga usiku na mchana ikiwa na abiria, samaki, mananasi na magunia. Na mwezi Mei mwaka 2015, maelfu ya Warundi waliokwama katika kijiji cha Kagunga walivushwa na meli hiyo hadi Kigoma. Mahali pasipo na barabara, meli hubeba biashara siku za kawaida na kuokoa watu siku za shida.

Kisiwa kwa kisiwa

Nuku Hiva ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika kundi hilo. Ndani yake kuna bonde la Taipivai, ambako mwaka 1842 baharia kijana wa Kimarekani, Herman Melville, alitorokea baada ya kuchoshwa na meli ya kuvua nyangumi, na baadaye akaandika kitabu chake cha kwanza, Typee, kutokana na siku alizokaa huko. Kisiwani humo wageni hulishwa nguruwe na shelisheli zilizookwa katika tanuri la ardhini: shimo, mawe ya moto, majani ya migomba, udongo juu yake, na subira.

Ua Pou hutambulika kwa nguzo zake za mawe zinazochoma mawingu. Kilele kirefu zaidi kinazidi mita 1,200. Kisiwa hicho ndicho kilichoandaa tamasha la kwanza la sanaa za Marquesas mwaka 1987, wakati ambapo vijana walikuwa wameanza kurejesha ngoma, tatuu na lugha ambazo wamisionari na watawala walizipiga marufuku kwa vizazi kadhaa. Ua Huka ni kisiwa cha farasi na wachonga vinyago.

Huko Hiva Oa, watalii hupanda mlima mdogo hadi makaburi ya Atuona. Amezikwa hapo mchoraji Paul Gauguin, aliyefariki mwaka 1903, anayekumbukwa kwa picha zake na pia kwa namna alivyoishi na wasichana wadogo wa visiwa hivyo, jambo ambalo wenyeji na wanahistoria hawalifumbii macho. Karibu naye amezikwa mwimbaji Mbelgiji Jacques Brel, aliyefariki mwaka 1978. Wenyeji humkumbuka Brel kwa sababu ambayo haihusiani na nyimbo: alikuwa na ndege ndogo, na aliitumia kubeba barua na wagonjwa. Upande wa pili wa kisiwa, Puamau, kuna sanamu ya mawe iitwayo Takaii, yenye kimo cha kiasi cha mita 2.6, kubwa kuliko sanamu zote za kale za aina hiyo katika Polynesia ya Kifaransa.

Fatu Hiva ni kisiwa chenye mvua na majani mabichi kuliko vingine, na chenye watu mia sita hivi. Wanawake wa kijiji cha Omoa hufua magome ya miti kwa vigongo hadi yawe nguo laini, kisha huzichora kwa wino mweusi. Wasikilizaji wenye asili ya Uganda watakumbuka nguo za gome la mutuba wa Buganda. Bahari mbili zimewatenga mafundi hao, lakini mlio wa kigongo juu ya gogo unafanana. Wenye miguu imara hutembea kilomita 17 kuvuka mlima kutoka Omoa hadi Hanavave, ambako meli huwasubiri katika ghuba iliyozungukwa na nguzo za mawe. Wengine huzunguka kwa meli.

Meli zilizoleta maafa

Furaha ya siku ya meli haikuwako tangu zamani. Meli za kwanza za Ulaya kufika huko zilikuwa za Mhispania Álvaro de Mendaña, mwezi Julai mwaka 1595. Ndiye aliyevipa visiwa jina la Marquesas, kwa heshima ya mtawala wa Peru aliyemfadhili, mwenye cheo cha umarkizi. Wenyeji walikuwa tayari na jina lao, Nchi ya Watu, ambalo kaskazini hutamkwa Henua Enana na kusini Fenua Enata. Kabla Wahispania hao hawajang'oa nanga, walikuwa wamewaua wenyeji wengi kwa bunduki.

Zikafuata meli za wapelelezi, za wavuvi wa nyangumi, za wafanyabiashara wa msandali, na mwaka 1842 manowari za Ufaransa zilizotwaa visiwa. Kila moja ilishusha kitu ambacho hakikuandikwa katika orodha ya shehena: ndui, kifua kikuu, magonjwa ya zinaa, bunduki na pombe kali. Mwaka 1863 meli iliyowarudisha wenyeji waliochukuliwa kwenda kufanyishwa kazi Peru ilishusha ndui Nuku Hiva. Katika kisiwa hicho na jirani yake Ua Pou walikufa zaidi ya watu elfu moja. Watu waliokuwa wakihesabiwa kwa makumi ya maelfu walipungua hadi kiasi cha 2,000 katika miaka ya 1920. Mabonde mengi wanayopitia watalii leo, yenye misingi mikubwa ya mawe iliyofunikwa na misitu, ni vijiji vilivyobaki bila mtu wa kuwasha moto.

Mwezi Julai mwaka 2024 UNESCO iliviingiza visiwa hivyo katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa jina la Te Henua Enata. Kwa wenyeji, heshima hiyo ilikuwa na uzito wa namna mbili: ulimwengu ulitambua thamani ya milima, bahari na mawe yao, na ukalitambua jina walilojiita wenyewe.

Nani anamhitaji nani?

Kampuni inayoendesha Aranui inategemea mifuko miwili. Mizigo peke yake haiwezi kirahisi kulipia safari ndefu kwa watu wachache namna hiyo, ingawa serikali hugharamia usafirishaji wa baadhi ya bidhaa za lazima. Watalii peke yao nao ni biashara isiyotabirika. Kwa hiyo mgeni anayelipia roshani yake huchangia, ajue asijue, kufikisha saruji ya mtu wa Hanavave. Na saruji hiyo ndiyo inayompa mgeni kile alichokuja kukitafuta: safari ambayo si maonyesho.

Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha utalii, jambo hilo lilidhihirika. Vyumba vya abiria vilibaki vitupu, lakini shehena iliendelea kupelekwa, kwa sababu unga hauna likizo. Wauza vinyago na wafua magome walikosa wanunuzi, ilhali rafu za maduka hazikuachwa tupu.

Uhusiano huu una mizani yake. Wageni zaidi ya 200 wanaposhuka asubuhi moja katika kijiji cha watu mia chache, kila mtu hubeba sehemu ya ugeni huo. Akina mama huamka usiku kuandaa tanuri la ardhini. Vijana hucheza ngoma zao saa nne asubuhi, juani, kwa sababu meli itaondoka alasiri. Wachongaji huuza katika siku moja kazi ya wiki tatu, au hawauzi kitu. Kwa upande mwingine, Aranui hurudi kila baada ya wiki mbili au tatu, na mabaharia wake ni watoto wa vijiji hivyohivyo. Mgeni akikosa adabu, baharia atakutana na shangazi zake safari ijayo na kuulizwa.

Mambo mengine meli haiwezi kuyatibu. Wajawazito wa visiwa vidogo huondoka kwao kabla ya siku zao kutimia, kwenda Taiohae au Tahiti kunako hospitali. Vijana wengi huenda Tahiti kumaliza masomo ya sekondari, na baadhi yao hawarudi kuishi. Fatu Hiva na Tahuata, visivyo na uwanja wa ndege, mgonjwa mahututi hutegemea mashua au helikopta, na vyote viwili hutegemea hali ya hewa.

Njia ya kurudi

Baada ya Marquesas, meli hugeuza omo kusini-magharibi. Hupita Rangiroa, moja ya pete kubwa zaidi za matumbawe duniani, kisha Bora Bora yenye maji ya rangi ya bluu yanayojulikana kwa picha, kabla ya kufika Papeete. Harufu ya mbata hujaa upande wa mbele na, upepo ukigeuka, hufika hadi bwawani. Abiria hubadilishana anwani. Baadhi yao, waliolalamika siku ya pili kwamba kreni ziliwaamsha mapema, sasa hueleza jinsi gari lilivyoning'inia hewani kana kwamba walilishusha wao.

Mjini Papeete watalii hushuka na masanduku yao, na kwa muda mfupi meli huwa ya watu wa kazi peke yao. Magunia ya mbata hutolewa. Malori hujipanga gatini na mzigo mpya: unga, saruji, gesi, godoro lenye jina la mtu wa Omoa lililoandikwa kwa wino mzito. Karani hufungua orodha ukurasa wa kwanza. Baada ya siku chache, meli itaondoka tena.